Nilibana Maji ya Maabara

Ujerumani,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba,

Shikamoo Baba. Na Mama shikamoo, maana najua amekaa hapo pembeni na ungo wake wa maharage akisubiri usome kwa sauti, na atakukatiza kila baada ya mistari miwili kuuliza kama nakula. Mama, nakula. Wiki iliyopita nilipika makande kwa mahindi ya kopo na maharage ya kopo, na ingawa hayakuwa na adabu ya makande, niliyamaliza yote. Nyonga yako, Baba, inakusumbuaje unapopanda kutoka kwenye bwawa letu la ndiva? Kikohozi cha Mama kimepona au bado anakificha? Mvua za vuli zimeshuka, au mnatazama mawingu tu yakipita kwenda kwa wenzenu? Nijibuni yote, hata yale mnayodhani yatanitia wasiwasi, maana nikifichwa jambo dogo huku mbali najitungia kubwa.

Mimi ni mzima kabisa. Ukiona mwandiko umeyumba, si homa wala baridi, ni furaha. Tangu Alhamisi nimekuwa mtu wa kucheka peke yangu njiani, na hapa mtu akicheka peke yake watu huvuka barabara. Wamevuka wengi wiki hii.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwanza, simu yako inashika mtandao ukisimama tu nyuma ya kanisa, na sitaki mambo haya uyasikilize umeegemea ukuta huku upepo ukivuma. Pili, nina jambo la kukuomba, na jambo zito haliombwi kwa sauti inayokatika-katika. Mwenzetu mmoja wa Moshi amemaliza masomo na anarudi nyumbani wiki hii. Atamkabidhi Baba Mdogo bahasha stendi ya Same. Ndani kuna picha tatu. Tafadhali usizitoe kwanza, nitakuambia wakati wake.

Najua swali lako ni lile lile: narudi lini? Sijalisahau. Siku ile Baba Mdogo alipouliza mbele ya ukoo mzima msichana wa miaka ishirini na minane anakwenda kutafuta nini Ulaya badala ya mume, wewe ulisimama ukasema, "Miaka mitatu. Atasoma, atarudi. Mimi ndiye ninayesema." Uliweka neno lako mbele ya watu kwa ajili yangu, na miaka mitatu inatimia Desemba hii. Ombi langu linahusu neno hilo. Nitalisema mwisho, kwa sababu ukilisikia kabla hujajua yaliyotokea utaniona mkaidi. Vumilia basi, unanijua nikianza kusimulia.

Nianze na kazi yenyewe. Nilipowaambia mara ya kwanza kwamba nasomea tezi za mate, Mama alicheka mpaka akaishiwa pumzi, akasema mtoto wake kapanda ndege kwenda kusomea mate. Sikumlaumu. Lakini wapo watu, hasa waliotibiwa saratani ya koo kwa mionzi, ambao mate yao yamekauka. Hawamezi kipande cha mkate bila glasi ya maji, meno yao yanaoza, na kuongea kwenyewe ni kazi. Nimekutana na bibi mmoja wa aina hiyo hospitalini, akaniambia anachokitamani duniani ni kula chapati ya mjukuu wake bila kuilowanisha, ingawa hapa hawaiiti chapati. Tunataka kujua seli za tezi, yaani vile vichembe hai vidogo vinavyoijenga, zinajuaje kwamba sasa ni wakati wa kutoa mate.

Zinajua kwa kalsiamu, madini yale yale ya kwenye maziwa na mifupa. Na hapa, Baba, wewe utanielewa upesi kuliko watu wengi niliowaeleza, kwa kuwa umegawa maji ya ndiva maisha yako yote. Nje ya seli kalsiamu imejaa tele. Ndani karibu haipo kabisa. Seli ikipata amri, inafungua milango yake na ghala zake, kalsiamu inafurika ndani, na kufurika huko ndiko kunakosema: toa mate. Lakini ikikaa ndani kwa muda mrefu, seli inakufa. Kwa hiyo ukutani mwake kuna pampu ndogo ndogo zinazoirudisha nje, na zinafanya kazi ngumu kwa sababu zinaitoa palipo kidogo kuipeleka palipojaa. Inaingia, inatolewa, inaingia tena. Sisi tunatia rangi inayong'aa kalsiamu inapokuwapo, na kwenye kompyuta unaona seli zikiwaka na kuzimika kama taa za Same ukiziangalia kutoka mlimani siku ambayo umeme hauna msimamo.

Watu wengi wanaosomea jambo hili hutazama sana mlango wa kuingilia. Mimi tangu mwanzo macho yangu yalikwenda kwenye mlango wa kutokea, na sikujua kwa nini, mpaka nilipokukumbuka. Wewe ukifika ndiva alfajiri husimami kushangaa imejaa kiasi gani. Unashuka moja kwa moja kwenye tundu la chini, unatazama maji yanatokaje, kisha unafuatana nayo kwenye mfereji wa mfongo mpaka shamba la mwisho. Ila mgeni hana sauti, hasa mgeni anayeongea Kijerumani cha kuokoteza, kwa hiyo nilinyamaza nikafanya niliyoambiwa.

Karibu yote. Sasa naungama.

Mwishoni mwa mwaka jana nilikabidhiwa darubini yangu. Seli tunazikalisha kwenye kisahani cha kioo, na maji maalumu ya chumvi, yaliyopimwa kwa uangalifu, hutiririka juu yake kutoka kwenye chupa, yanapita, yanafyonzwa upande wa pili na kuishia kwenye ndoo ya taka. Kanuni ya maabara yetu ni kwamba yatiririke kwa kasi muda wote ili seli zikae kwenye maji mapya. Siku moja ya kazi inajaza ndoo. Baba, nilisimama siku ya kwanza nikitazama maji safi kuliko ya chemchemi yetu yakimwagwa bure. Nimekulia nyumba ambayo maji ya kunawia mikono yaliishia kwenye mgomba na ya kuoshea mchele yalipewa ng'ombe. Nilichapwa mara moja tu na Mama maishani mwangu, na ilikuwa kwa ajili ya dumu la maji nililolimwaga nikicheza.

Kwenye mrija kuna kibano kidogo cha kurekebisha kasi. Mkono wangu ukakibana. Sikukaa nikaamua, nilibana tu, kama mtu anavyofunga bomba linalovuja akiwa anapita zake. Mwenzangu wa meza ya jirani, kijana anayeitwa Tomas, aliniona akaniambia nifungue, nami nikafungua. Alipotoka nikabana nusu. Baada ya hapo ikawa tabia: Tomas akiwapo maji yanakimbia, akitoka yanatambaa. Wakati mwingine nilibana hata bila kujua nimebana. Najua unavyotikisa kichwa sasa.

Tabu ikaanzia hapo. Kazi yetu ilikuwa kuidondoshea seli moja dawa kidogo, kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, na kutazama inavyowaka. Seli ya Tomas iliwaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika, na majirani zake walikaa kimya. Ya kwangu iliwaka kwa muda mrefu zaidi, kisha jirani yake naye akawaka, kisha jirani wa jirani, bila kuguswa na mtu. Kila tulipoweka matokeo pamoja, Profesa wetu alikunja uso. Tulibadilisha rangi, tukabadilisha seli, tukapima joto la chumba asubuhi na jioni. Miezi minane ilikwenda hivyo. Tomas ni mtu mwema lakini mdomo wake hauna breki, akasema mbele ya wote kwamba labda tatizo ni mikono yangu. Alipatia kabisa, ila hakujua.

Mwisho Profesa akaniita ofisini. Ni mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio unaotisha. Alisema mkutano wa kunitathmini unakaribia na kwa matokeo yale hawezi kunitetea. Ama niachane na kazi hiyo, niandike kitu kidogo, nichukue cheti cha chini na kurudi kwetu, ama yeye akae nami siku nzima atazame mikono yangu inafanya nini. Nilichagua akae.

Alikuja asubuhi akavuta kiti. Kwa heshima, na kwa woga, niliacha maji yakimbie yanavyotakiwa. Seli ikawaka, ikazimika. Majirani kimya. Tukarudia mara sita, na zote sita zilikuwa sawasawa na za Tomas. Profesa akaniwekea mkono begani, akasema sasa nimeelewa kazi, tuyatupe matokeo ya nyuma, na mkutanoni atawaambia kwamba nilikuwa bado nazoea. Tomas akaenda kuninunulia keki.

Keki ile sikuila, Baba. Nilikuwa nimeushika uma mkononi nilipong'amua kwamba kitu pekee kilichobadilika siku ile ni kibano. Nilifurahi na nikaogopa kwa wakati mmoja. Nilifurahi kwa sababu, kama kubana maji kunawaamsha majirani, basi ndani ya maji yale kulikuwa na kitu ambacho kasi ilikuwa inakiosha. Niliogopa kwa sababu kusema hivyo ni kukiri kwamba kwa miezi minane nimevunja kanuni nyuma ya mgongo wa wenzangu, na katika kazi hii anayechezea kipimo kwa siri haaminiki tena. Nikinyamaza nimepona. Namaliza, narudi Desemba, na neno lako linasimama.

Nilinyamaza siku nne. Nakuambia idadi ili usije ukanisifu kupita kiasi.

Kilichonifungua mdomo ni msaragambo, ile kazi yetu ya kijiji kizima. Unakumbuka mwaka ule nilipobeba karai langu la kwanza kuzoa tope la ndiva? Kwetu hakuna anayeshika jembe siku hiyo kabla aliyechepusha maji ya mwenzake hajasema. Kila mwaka husimama mmoja au wawili, wanasema, wanapewa kona yenye tope zito kuliko zote, na jambo limekwisha. Mwaka ule watu walinyamaza mpaka jua likapanda, kisha ukasimama wewe, mgawa maji mwenyewe. Ukasema kwamba siku maharage ya Mama Eliamini yaliponyauka, mfongo haukuwa umepasuka kama ulivyodai; ulipitiwa na usingizi na hukuifungua ndiva. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Ukaingia kwenye kona yako, tope likakufika kiunoni. Tukiwa tunarudi nyumbani nilikuuliza kwa nini umesema jambo ambalo hakuna aliyelijua. Ukanijibu, "Tope la mwaka huu lisipotolewa, maji ya mwakani yatakaa wapi?"

Basi Jumatatu nikagonga mlango wa Profesa. Nilikuwa nimekichomoa kibano, nikakiweka juu ya meza yake, nikamwambia yote tangu siku ya kwanza. Aliuliza swali moja tu, kwa nini, nikamjibu kwamba kwetu maji hayamwagwi. Akasema, "Miezi minane," kisha akaniambia nirudi kwenye meza yangu na nisiguse kitu chochote. Nilikaa pale asubuhi nzima nikitazama ukuta. Nilijiona nashuka stendi ya Same na begi langu, Baba Mdogo akinipokea kwa uso ule wake wa kutosema kitu, nikalia kidogo, nikajifuta kwa mkono wa koti.

Mchana alikuja na kibano mkononi. Akakirudisha kwenye mrija yeye mwenyewe, akakaa, akasema, "Bana. Bana kama ulivyokuwa unabana." Nikabana. Tukadondosha dawa. Seli ikawaka, jirani akawaka, wa tatu akawaka. Akanyoosha mkono akafungua maji yakimbie, na majirani wakanyamaza. Akabana tena, wakawaka. Alifungua na kubana, kufungua na kubana, kama mtoto aliyewekewa swichi ya taa kwa mara ya kwanza, mpaka seli zikachoka. Hasira zilikuwa bado usoni, lakini macho yalikuwa yanacheka.

Sasa sikiliza, hapa ndipo patamu. Unalijua shamba la Mzee Senkondo, lile lisilo na zamu kwenye ndiva. Linaishi kwa maji yanayochuruzika kutoka shamba la juu yake. Watu huyaita maji yaliyopotea, na wewe ulikuwa ukiwakatalia, ukisema hayajapotea, yamehamia. Sisi tulidhani kalsiamu ikishatolewa na pampu imemaliza kazi, ni taka. Kumbe nje ya kila seli, ukutani, kuna kipokezi kinachoionja kalsiamu ya nje. Seli ya kwanza ikitoa ya kwake, inarundikana kidogo pale mlangoni. Jirani anaionja, naye anaamka. Na seli iliyoitoa inaionja pia, ndiyo maana inaendelea kuwaka kwa muda mrefu zaidi. Maji yakipita kwa kasi yanaiosha kabla hajaionja mtu. Lakini ndani ya mwili hakuna maji yanayokimbia juu ya seli namna ile. Zimebanana, na kati yake kuna upenyo mwembamba tu. Maana yake, Baba, kisahani changu kilichobanwa kilifanana zaidi na tezi ya mtu kuliko kisahani cha kanuni.

Nisijitwalie yasiyo yangu: Profesa alinionyesha kwamba wenzetu wengine walishaona jambo la namna hii kwenye seli za aina nyingine. Kwenye seli zetu za mate, kwa namna hii, hatujapata mahali lilipoandikwa, na tumetafuta sana.

Tomas hakukubali upesi, nami nampenda kwa hilo. Alisema maji yakienda polepole hata ile dawa inaweza kusambaa na kuwafikia majirani, na labda ni hiyo inayowaamsha, wala si kalsiamu. Ni hoja ya mtu mwenye akili. Kwa hiyo tuliandaa chupa kadhaa. Moja ilikuwa na maji ya kawaida. Nyingine ilikuwa na kitu kinachoikamata kalsiamu ya ziada huko nje bila kuigusa dawa. Nyingine ilikuwa na kitu kinachozizuia pampu zisitoe kalsiamu. Profesa akazibandika namba, akazificha tafsiri zake, na kazi akapewa Tomas aifanye kwa mikono yake. Mimi niliambiwa nisikanyage chumba kile. Wiki mbili, Baba. Nilisafisha kila kabati la maabara, mpaka wafanya usafi wakaanza kunitazama vibaya.

Alhamisi tukafungua namba mbele ya wote. Sasa toa picha.

Ya kwanza ni maji yanayokimbia: nukta moja ya kijani katikati, pembeni giza. Ya pili ni maji yaliyobanwa: hesabu mwenyewe zilivyowaka, na Mama asaidie. Palipokuwa na kile kinachoikamata kalsiamu ya nje, dawa ilikuwa ile ile na maji yalikuwa yamebanwa, lakini majirani hawakuamka, kwa hiyo si dawa. Ya tatu ndiyo niliyoibandika juu ya kitanda changu. Hapo maji yamebanwa na pampu zimezuiwa. Tazama seli ya katikati inavyowaka kuliko zote, imejaa kalsiamu isiyopata pa kutokea, na majirani zake wote wako gizani. Ina habari tele na hakuna aliyeipata. Tomas aliitazama picha hiyo, akanigeukia, akasema kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi, "Dada, pole. Na hongera." Nikapiga kigelegele. Sikuweza kujizuia. Watu wa ghorofa ya juu walishuka wakidhani kuna aliyeungua.

Mkutano wa tathmini ulikuwa Ijumaa. Nilisimama nikasema kosa langu kabla ya kusema matokeo, kama inavyofanyika kwetu. Mzee mmoja pale alikasirika kweli, na alikuwa na haki. Nimepewa barua ya onyo, ipo kwenye faili langu, na majaribio ya miezi minane yote lazima niyarudie upya huku Tomas akishika kumbukumbu. Hiyo ndiyo kona yangu ya tope. Kisha wakatoka nje dakika ishirini, wakarudi, wakasema kazi hii iendelee na niiongoze mimi. Wanataka kujua kama tezi za wale wagonjwa zimenyamaza kwa sababu seli zake haziwezi tena kuitoa kalsiamu ikawafikia majirani. Hatujui. Inawezekana sivyo kabisa. Lakini nikimkumbuka yule bibi wa chapati siwezi kukaa kitini.

Kazi hiyo inataka mwaka mmoja na nusu zaidi.

Wote walinigeukia wakisubiri niseme ndiyo. Nikasema nitajibu nikishamwuliza baba yangu. Wengine walitabasamu, maana hapa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja haombi ruhusa kwa mtu. Yule mzee aliyekasirika akauliza baba yangu ni mtaalamu wa nini. Nikamwambia ni mtaalamu wa maji. Akaandika.

Nisalimie Mama kwa mara ya pili, umwambie koti alilonishonea linatosha, na vifungo viwili viling'oka ila nimevishona. Msalimie shangazi Nakijwa na kwaya yake ya akina mama, nawasikia kila Jumapili ninapoimba peke yangu kwa sauti ya pili huku kanisa zima likiimba ya kwanza. Kaka Eliya, aliyepokea jembe lako kule ndiva, mwambie akizibua tundu asiwe na haraka, na kwamba dada yake anamheshimu sana siku hizi kwa sababu za kitaalamu. Msalimie mkewe na mtoto wao mchanga ambaye bado sijambeba. Mchungaji wetu mwambie nasali, ingawa wiki hizi nimesali zaidi kuliko kawaida na kwa uchoyo. Baba Mdogo msalimie kwa heshima zote, na umshukuru kwa kufuata bahasha. Naona nawasalimia watu mmoja mmoja ili nisifike kwenye ombi. Basi nimefika.

Baba, ulisema miaka mitatu mbele ya ukoo, na ni wewe utakayekaa nao wakiuliza, wala si mimi. Nyonga yako haipati nafuu, najua, hata kama Mama ameambiwa asiniambie. Kila asubuhi ninapopanda ngazi za maabara nahesabu umri wako kisha najilaumu kwa kuhesabu. Sitamwambia Profesa ndiyo kabla hujanijibu, na sitaki jibu la simu, nataka mwandiko wako. Ukisema nirudi, nitarudi Desemba bila kunung'unika, nitashuka Same na begi langu, na hakuna atakayesema kwamba neno lako lilianguka kwa sababu yangu.

Ila nakuomba, Baba, usiseme hivyo.

Ni mimi binti yako,
Namkunda